Njia Mbili, Mkuyu Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Nyinyi wa huko nyuma, karibu na mlango, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa sawa. Mimi nikiita lazima mwitike, na mwitike wote, wa mbele na wa nyuma, wakubwa na wadogo. Hadithi ya leo ni ya kuita na kuitikiwa. Asiyeitika nitajuaje kama yupo au kasinzia? Tena hii si hadithi ya kusinzilia. Ni ya kujivunia. Anayetaka kujivuna pamoja nami asogee, nafasi ipo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na utawala wao na kila mmoja ana zamu yake, palikuwa na nchi pana. Upana wake, swala akitoka mlimani alfajiri, anafika ziwani jua linazama, ulimi nje. Huku juu kulikuwa na mwamba mrefu. Kule chini kulikuwa na ziwa. Katikati ulipita mto, na mto huo uliitwa Hadaa.

Waliouita hivyo hawakukosea. Miezi minane ya mwaka ulikuwa mchanga mtupu. Mchanga mweupe, laini, ukichimba kidogo unapata maji ya kunywa. Wanyama wa bondeni walishinda humo. Walikula ukingoni, wakanywa humo, wakalala humo. Halafu siku moja mvua inanyesha mlimani, huko mbali. Bondeni jua linawaka, hata wingu moja hulioni. Na maji yanashuka. Gududu, gududu, gududu. Aliyelala mchangani anaamkia ziwani, akijaliwa kuamka.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi wanyama wa nchi ile wakaweka mbiu. Wakaweka vituo tisa, kutoka mwambani mpaka ziwani, kila kituo na mwitaji wake. Wa kwanza akiita, wa pili anasikia, anaita. Wa tatu anasikia, anaita. Hivyo hivyo mpaka wa tisa. Maji yana mbio, lakini sauti ilikuwa na mbio zaidi. Nchi nyingine zote hazikuwa na kitu kama hicho, na wenyewe walilijua hilo, wakatembea vifua mbele.

Kituo cha kwanza, juu ya mwamba, kilikuwa cha Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni kama sungura aliyekula akashiba, masikio madogo, mkia hana. Nani huyo anacheka? Mkia haupigi mbiu. Sauti ya Bi Pimbi ilikuwa kubwa kuliko mwili wake mara kumi, na macho yake yaliona mvua ikiwa bado inajiuliza inyeshe au isinyeshe.

Kituo cha tisa, mwisho kabisa, kilikuwa cha binti yake, Sikudhani. Sikudhani aliolewa huko chini, akakaa Mawe Mawili, mawe yaliyosimama katikati ya mchanga wa mto. Mama mwanzo, binti mwisho, na nchi nzima katikati yao.

Kila siku jua likigusa mwamba, Bi Pimbi aliita:

Wa bondeni, mpo?

Na sauti ikashuka, ikashuka, ikafika Mawe Mawili, ikageuka, ikapanda, ikapanda:

Tupo, tupo, tupo.

Pimbi, kama mjuavyo, hutafuna hata kama hana kitu mdomoni. Bi Pimbi alihesabu matafuno. Akiita, anaanza kutafuna. Moja, mbili, tatu. Akifika sitini, jibu limefika. Jibu lisipofika kwa sitini, kuna jambo. Miaka mingi jibu lilifika, na katika "tupo" ile ya mwisho Bi Pimbi alimtambua mwanawe, akajua ameamka salama, akashuka kula majani yake kwa raha.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika.

Kituo cha tano kilikuwa kwenye kivuko, pale mto unapopinda. Palisimama mkuyu mkubwa, na juu ya mkuyu alikaa Bwana Hondohondo. Hondohondo si mvivu, wala si mlevi. Mdomo wake mnaujua, ulivyo mkubwa, mbiu yenyewe. Lakini hondohondo wana desturi yao. Mke akitaka kutaga anaingia kwenye shimo la mti, na mlango unazibwa kwa udongo, hata nyoka asipite. Unabaki ufa mwembamba. Mume anabaki nje, kazi yake kulisha. Anachuma tini, anapenyeza kwenye ufa. Anachuma, anapenyeza. Kutwa.

Adhuhuri moja mvua ikapiga mlimani. Bi Pimbi akaiona. Akaita, "Kwee! Maji yanashuka, pandeni!" Kituo cha pili kikaita. Cha tatu kikaita. Cha nne kikaita. Mbiu ikafika kwenye mkuyu, ikamkuta Hondohondo mdomo umejaa tini.

Afanye nini? Akiachia, tini zinaanguka, mke anashinda njaa. Akasema moyoni, ngoja kwanza nimpe mama watoto, kisha nitaita. Akampa ya kwanza. Akampa ya pili. Akampa ya tatu. Alipopenyeza ya saba na kufungua mdomo aite, maji yalikuwa yanapita chini yake, ngurumo yake ikaimeza sauti.

Huku mwambani Bi Pimbi alitafuna. Sitini. Sabini. Mia. Taya likauma. Akaita tena, akaita tena, mpaka sauti ikapasuka. Hakuna aliyemjibu.

Kesho yake alishuka mwenyewe mpaka Mawe Mawili. Sikudhani alikuwa hai, juu ya jiwe. Watoto wake wawili walikuwa wakicheza mchangani maji yalipokuja, na maji hayakuwarudisha. Alimwona mama yake, asilie. Akasema, "Mama, nilikuwa nasikiliza. Tangu asubuhi nilikuwa nasikiliza."

Bi Pimbi alikaa naye siku saba, akarudi juu akiwa na neno moja tu moyoni: haitakuwa tena.

Mtemi wa nchi alikuwa Nyati. Akaitisha baraza. Hondohondo akaja kichwa chini, akasema, "Kosa ni langu. Nihukumuni." Wengine wakanguruma, wakitaka manyoya yake yang'olewe.

Bi Pimbi akasimama. Kusimama kwake na kukaa kwake ni kitu kimoja, kwa hiyo akapanda juu ya jiwe.

"Kosa si la mdomo wa baba huyu," alisema. "Kosa ni letu sote. Tumening'iniza nchi nzima kwenye mdomo mmoja. Leo ulikuwa na tini. Kesho mwingine atapaliwa na mfupa. Keshokutwa mwingine ataumwa. Viumbe tunaumwa, tunachoka, tunakufa. Mimi nataka njia ya pili. Moja ikinyamaza, nyingine iseme."

Nyati akapenda neno hilo. Nyati hupenda kitu kikubwa. Akaamuru njia ya pili ng'ambo ya mto, vituo tisa vingine, na waitaji wawe tumbili, kwa kuwa tumbili hawajui kunyamaza. Kazi ikafanywa mwezi mmoja. Ilipokwisha pakawa na sherehe. Watu walikula, walicheza, vumbi likafika mbinguni. Nyati akasimama katikati, pembe zinang'aa, akasema, "Nchi gani nyingine ina mbiu mbili? Nitajieni. Njia moja ikikatika, ipo ya pili. Kuanzia leo, bondeni laleni fofofo."

Wakashangilia. Bi Pimbi naye alishangilia, tena kwa nguvu, maana wazo lilikuwa lake. Lakini usiku ule akili haikulala. Njia ya kwanza aliijua, alipita alipokwenda matangani. Ya pili alikuwa ameisikia tu. Na mwenye kuonja ndiye ajuaye chumvi.

Asubuhi akamwachia mwamba mdogo wake wa kiume, akashuka. Watu wakamwona anapita, miguu mifupi, tumbo karibu liguse chini, wakamwuliza, "Bi Pimbi, safari ya wapi?"

"Nakwenda kuitazama njia."

"Njia ya sauti unaitazamaje kwa miguu?"

"Sauti hukaa mahali," alisema, akapita.

Akatazama kituo cha kwanza cha tumbili, kizuri. Cha pili, kizuri. Cha tatu na cha nne, vizuri. Akafika kwenye kivuko atazame cha tano. Akakitafuta ng'ambo. Hakipo. Ng'ambo palikuwa na genge tupu la udongo, hakuna mti wala jiwe la kukalia. Akainua macho. Tumbili wa kituo cha tano amekaa kwenye mkuyu. Tawi la juu Hondohondo, tawi la chini tumbili. Wameketi wanabishana nani amekula tini za nani.

"Wewe si wa ng'ambo?" Bi Pimbi aliuliza.

"Ng'ambo nitakaa juu ya nini, mama?" alijibu tumbili. "Mti huu unaonekana pande zote mbili. Tukasema kwa nini tujisumbue."

Bi Pimbi akauzunguka mkuyu. Akaona upande mmoja hauna gome. Limesuguliwa, mti uko uchi, na juu yake kuna manyoya meusi na tope kavu. Akaweka sikio. Ndani alisikia mchwa wanakula. Karkarkar. Akabisha kwa mguu, mti ukalia kama mtungi.

Hakumaliza safari. Alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi.

"Mtemi, njia ni mbili, lakini mti ni mmoja."

"Mti upi?"

"Mkuyu wa kivukoni. Mbiu zote mbili zimekaa pale. Na mti wenyewe mgonjwa. Gome limesuguliwa, mchwa wameingia."

Nyati akacheka mpaka matandu ya tope yakamdondoka mgongoni. "Mkuyu ule? Mkuyu ule mimi najikunia mgongo kila alasiri. Baba yangu alijikunia pale. Babu yangu alijikunia pale. Mkuyu ule ukianguka, na mbingu zitaanguka."

"Ndiyo kujikuna kwenyewe, Mtemi, kulikotoa gome."

Neno hilo lilikuwa kweli, lakini lilikuwa limetamkwa mbele za watu. Nyati akaacha kucheka.

"Bi Pimbi," alisema polepole, "ulitaka njia mbili, umepewa mbili. Midomo miwili ni midomo miwili. Rudi mwambani kwako. Nchi haiwezi kuongozwa na hofu ya mwenye mkia mfupi."

Mfupi! Hata huo mfupi hana. Wakacheka tena, na Bi Pimbi akaondoka vicheko vikimsindikiza nyuma. Aliumia, siwafichi. Alitembea akihema kwa hasira, akitafuna hewa. Na alikuwa na sababu ya kuumia, kwa kuwa Sikudhani alikuwa amezaa tena. Mtoto mmoja, wa kike, macho kama mbegu za ubuyu. Mawe Mawili, palepale katikati ya mchanga.

Akaenda hivyo kwa hasira bila kutazama, na chini ya mwamba wake mguu ukatumbukia. Puu! Akaingia mpaka kidevuni kwenye tundu la udongo mwekundu. Na chini ya tumbo lake akasikia kitu kinagonga. Ndu, ndu, ndu.

"Hodi," alisema Bi Pimbi, maana alilelewa vizuri.

"Hodi ya nini?" sauti ikajibu kutoka chini. "Nani kakuita? Kaa kwako."

Alikuwa Fuko. Mnyama gani anamkumbuka fuko? Hatoki, haoni, hapendi wageni. Kila fuko ana handaki lake, na jirani akisogea, anagonga dari kwa kichwa: ndu, ndu, ndu, maana yake kaa kwako. Jirani anagonga naye: ndu, ndu, ndu, kaa kwako wewe. Na huyo anamgongea wa upande wa pili. Maisha yao ndiyo hayo.

Bi Pimbi akasahau mguu, akasahau hasira.

"Baba," alisema, "ukigonga hapa, jirani yako anasikia?"

"Anasikia sana. Ndiyo maana nagonga."

"Na jirani yake?"

"Wote wanasikiana, wajinga wale. Nyumba arobaini na moja, kutoka hapa mpaka mchanga wa ziwani, karibu na Mawe Mawili."

"Mnapita mtoni?"

"Mtoni?" Fuko alitema udongo. "Mtoni kumelowa. Sisi tunazunguka nyuma ya kilima chekundu, penye udongo mkavu. Mbali, lakini pakavu."

Bi Pimbi akavuta pumzi. Hapakuwa na mkuyu nyuma ya kilima chekundu. Hapakuwa na kivuko wala mto. Njia ilikuwepo siku zote chini ya miguu ya watu, na kazi yake ilikuwa kugombana.

Akamweleza Fuko habari yote. Akamweleza na wajukuu zake wawili. Fuko akasema, "Miaka yote hii mnaita asubuhi, wa bondeni mpo, wa bondeni mpo. Sisi tunasikia huku chini. Mnauliza ndege, mnauliza nyani, mnauliza hata tumbili. Hakuna hata siku moja mtu aliuliza kama fuko wapo."

Bi Pimbi aliona haya. "Ni kweli, baba. Tumekosa."

"Basi nitakubali kwa sharti moja. Kila asubuhi na sisi tuulizwe. Sitaki kukumbukwa siku ya maji tu. Fuko wangu wasipoulizwa watasahau, na wakisahau watarudia ugomvi wao."

"Kila asubuhi," alisema Bi Pimbi. "Mimi mwenyewe."

Ikawa hivyo. Jua likigusa mwamba aliita kwanza kwa mdomo, kama kawaida. Kisha anashuka chini ya mwamba, anachukua jiwe, anagonga udongo. Puu, puu, puu: mpo? Na udongo unapokea, nyumba kwa nyumba, nyuma ya kilima chekundu, mpaka Mawe Mawili. Huko Sikudhani ameshafundishwa, ameweka tumbo mchangani anasikiliza, naye anagonga kurudisha. Njia ile ilikuwa ndefu. Jibu lilichukua matafuno mia tatu. Bi Pimbi alitafuna yote mia tatu, siku kwa siku, na asubuhi moja fuko wa nyumba ya kumi na nne alipougua, wakajua siku hiyohiyo, jirani yake akachimba akamfikia. Waliopita wakamwona mama mzima anaponda ardhi kwa jiwe wakasema, "Maskini, msiba umempanda kichwani." Yeye akawaitikia salamu na kuendelea kuponda.

Mwaka ukazunguka. Mto ukakauka. Wanyama wakashuka mchangani, na Nyati akashuka na ndama wake wa kwanza.

Ikawa mchana mmoja, jua la utosi. Bi Pimbi akatazama mlimani, akaona weusi. Hakuwa ameona weusi wa namna hiyo tangu azaliwe. Mvua ikapiga. Kabla ya maji ukatangulia upepo, shwaaa, ukapita juu ya mwamba ukiteremka bondeni.

"Kwee! Maji yanashuka, pandeni!"

Cha pili kikaita. Cha tatu. Cha nne. Na ng'ambo tumbili nao, wa pili, wa tatu, wa nne. Bi Pimbi akaanza kutafuna. Alisikia mbiu zote mbili zinateremka, zinafifia kwa umbali, kama siku zote.

Upepo ulifika kivukoni kabla ya mbiu. Ukaukuta mkuyu. Kaaa. Kaaa. Gwaaa! Mkuyu wa babu na baba ukalala mtoni, mizizi juu. Hondohondo aliruka, tumbili aliruka, wote wazima. Midomo miwili mizima kabisa, na hakuna mahali pa kusimama. Hondohondo alisukumwa na upepo huko, tumbili yuko majanini huku, wanapiga kelele ambazo hazisikiki hata na wao wenyewe.

Mwambani Bi Pimbi alifika arobaini. Hamsini. Sitini.

Kimya.

Sabini. Akageuza sikio ng'ambo. Kimya. Mia moja. Taya likaanza kuuma palepale lilipouma mwaka ule. Chini ya mwamba maji ya kwanza yakapita, mekundu, yamebeba magogo. Yanakwenda kwa Sikudhani. Yanakwenda kwa yule mdogo mwenye macho ya mbegu za ubuyu.

Safari hii hakurudia kuita. Sauti yake alishaipasua mara moja bure. Alishuka mwamba akianguka na kuinuka, akashika jiwe, akapiga udongo.

Puu puu puu! Puu puu puu! Puu puu puu!

Tatu mara tatu. Hiyo waliafikiana na Fuko: mara moja ni salamu, mara tatu ni maji.

Chini kukawa kimya. Kisha, karibu kabisa: ndu ndu ndu, ndu ndu ndu, ndu ndu ndu. Kisha mbali kidogo. Kisha mbali zaidi. Kisha hakusikia tena.

Akakaa. Akatafuna. Hana la kufanya zaidi ya kutafuna. Mia. Mdogo wake akaja akasema, "Dada, njoo juu, kunalowa." Hakusogea. Mia na hamsini. Mia mbili. Aliweka viganja vyote viwili ardhini. Mia mbili na tisini. Mia tatu.

Mia tatu na kumi. Bi Pimbi akalia. Mia tatu na ishirini.

Ndu.

Akanyanyua kichwa.

Ndu, ndu, ndu.

Aliyegonga hivyo si fuko. Pigo la kwanza lilikuwa fupi, la mwisho limevutwa kidogo, na fuko walikuwa wameyabeba mapigo hayo vilevile bila kuyapotosha, nyumba arobaini na moja. Ulikuwa mkono wa Sikudhani. Tupo.

Bi Pimbi alilala kifudifudi kwenye tope akicheka na kulia, na hakujali nani anamwona.

Siku ya tatu, maji yalipopungua, mtu alipanda mlima akihema. Alikuwa Mtemi Nyati, kwa miguu yake, peke yake, tope mpaka kwenye pembe. Nyati hakuwa amewahi kupanda mpaka kwenye mwamba ule. Akasimama chini yake.

"Bi Pimbi, mkuyu umeanguka."

"Nimesikia, Mtemi."

"Na mbingu hazikuanguka."

"Hazikuanguka."

Nyati akapiga kwato chini, akatazama pembeni. "Nilikuwa mchangani. Nilimsikia binti yako anapiga ukelele juu ya jiwe, mtoto mgongoni, pandeni, pandeni. Nikasema huyu ana wazimu kama mama yake, jua kali namna hii. Ndama wangu alikuwa na akili kunishinda. Akakimbia. Nikamkimbilia nimkamate nimchape. Tulipofika ukingoni, maji yakapita tulipokuwa tumelala."

Bi Pimbi akasogea ukingoni mwa mwamba amsikie vizuri.

"Bondeni kote hakupotea hata mmoja. Nimehesabu mimi mwenyewe. Nchi nyingine wakisikia watadhani tunasema uongo." Sauti yake ikapanda kidogo, ile sauti yake ya sherehe, kisha akaishusha. "Nilikucheka mbele za watu. Nataka nikutukuze mbele za watu. Sema unachotaka."

"Vituo vya tano viwe viwili kweli. Kimoja huku, kimoja ng'ambo. Pandeni mti penye mkuyu na mwingine pale gengeni, na mpaka iote, jengeni vichuguu waitaji wakae juu."

"Vitajengwa."

"Na usijikune hapo."

Nyati akameza mate. "Sitajikuna."

"La tatu si langu. Nifuate."

Akampeleka chini ya mwamba, kwenye tundu dogo la udongo mwekundu. Wanyama wa mlimani walikuwa wameshakusanyika kumwona Mtemi. Jua likagusa mwamba.

"Uliza," alisema Bi Pimbi.

Nyati alitazama lile tundu. Akatazama watu wake. Kisha mtemi wa nchi ile pana akapiga magoti ya mbele, akaweka kidevu kwenye udongo, na kwa mdomo ule uliotisha simba akauliza taratibu, "Wa chini, mpo?"

Wakasubiri. Hakuna aliyekohoa. Bi Pimbi alitafuna mia tatu, na safari hii alizitafuna kwa raha, moja moja. Nchi nzima ilikuwa inazunguka nyuma ya kilima chekundu, mpaka kwa mwanawe, na kurudi.

Ndu, ndu, ndu, chini ya kidevu cha Nyati.

Na sauti ya Fuko ikatoka tunduni, kavu vilevile: "Tupo. Asante kwa kuuliza. Sasa kaa kwako."

Nyati alicheka mpaka akaanguka ubavu, na wote wakacheka naye. Toka siku hiyo, kila jua likigusa mwamba, Mtemi ndiye aliyewauliza fuko, na fuko wote arobaini na mmoja, huko gizani kwao, waliweka vichwa juu kwa kujivuna.

Mafunzo yake ni haya, wanangu, na nyinyi wakubwa msijifanye hamsikii. Njia mbili zinazokaa mti mmoja ni njia moja. Usisifu njia ya pili mpaka umeikanyaga kwa mguu wako. Na yule utakayemtegemea siku ya mafuriko, mjulie hali siku ya jua.

Paukwa!

Pakawa!

Mmewasikia wa mlangoni? Leo wametangulia wao. Nami hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tundu la fuko. Atakayeipokea aipeleke kwa njia yake, mradi ifike.